Kutibu Zaidi au Kungoja? Neno kwa Wanandoa Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Ngozi



Mara hii tuzungumze juu ya jambo ambalo halitajwi sana katika mafundisho ya ndoa, lakini likiingia nyumbani huijaribu ndoa kwelikweli. Ni ule wakati ambapo mmoja wenu amefanyiwa upasuaji wa saratani, kidonda kimeanza kupona, na daktari anawaita wote wawili na kuwaambia kwamba sasa kuna njia mbili. Mnaweza kuendelea na matibabu mengine, au mnaweza kungoja huku mgonjwa akiangaliwa kwa karibu. Nendeni mkafikiri, kisha mrudi.

Mnatoka nje na kupanda matatu ya kurudi nyumbani. Njia nzima, mashamba ya chai huku na huku, hakuna anayesema neno. Mume anahesabu pesa moyoni. Mke anawafikiria watoto. Kila mmoja anadhani kwamba kwa kunyamaza anamhurumia mwenzake. Wapendwa, huruma ya namna hiyo ni hatari. Uamuzi mkubwa kama huu ukifanywa kimyakimya, kila mmoja akikisia moyo wa mwenzake, hata ukiwa uamuzi mzuri utaacha uchungu ndani ya nyumba.

Ugonjwa wenyewe

Saratani ninayoisema inaitwa melanoma. Huanzia katika chembechembe zinazoipa ngozi rangi yake. Wengi wetu hudhani ni ugonjwa wa wazungu wanaochomwa na jua. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi hutukinga na jua, na kwetu ugonjwa huu ni wa nadra. Lakini ukitupata, mara nyingi hutokea mahali pasipofikiwa na jua: kwenye unyayo, kwenye kiganja, au chini ya ukucha. Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaica ambaye nyimbo zake zinajulikana hata vijijini kwetu, aliugua melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36 tu.

Hapa kwetu Kericho na Bomet, mchuma chai hushinda siku nzima ndani ya buti za mpira. Alama nyeusi ikitokea kwenye unyayo huonekana kama jeraha la mwiba, na hufungwa kitambaa miezi mingi. Sisemi kwamba buti au chai huleta saratani. Nasema kwamba buti huficha, na wahenga walisema mficha maradhi, kifo humfichua.

Someni ripoti kabla ya kuamua

Baada ya upasuaji, nyama iliyokatwa hupimwa katika maabara, na matokeo huandikwa. Msiamue lolote kabla ya kuelezwa ripoti hiyo kwa lugha mnayoielewa. Mwulizeni daktari mambo manne. Saratani ilikuwa na unene wa milimita ngapi? Ilikuwa imechimbika kama kidonda? Je, kingo za mahali palipokatwa zilikuwa safi? Na je, tezi za kinena au za kwapa zilipimwa, na kama zilipimwa, saratani ilionekana ndani yake?

Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha uzito wa uamuzi wenu. Kama saratani ilikuwa nyembamba, ikatolewa yote, na haikufika kwenye tezi, kwa kawaida madaktari hawaongezi dawa. Kuangaliwa peke yake ndiyo njia inayofaa, na wala hamjanyimwa kitu. Ugumu huja pale saratani ilipokuwa nene, au ilipokwisha kugusa tezi.

Zamani, saratani ikionekana kwenye tezi moja, madaktari waliondoa tezi zote za mahali hapo. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 1,900. Hawa walikuwa watu ambao saratani ilionekana kwenye tezi kwa kupimwa tu, kabla tezi hazijavimba. Nusu waliondolewa tezi zote, nusu waliangaliwa kwa kipimo cha ultrasaundi. Baada ya miaka 3, katika kila kundi watu 86 kwa 100 walikuwa hawajafa kwa melanoma. Lakini kati ya walioondolewa tezi, 24 kwa 100 walipata uvimbe wa mguu au mkono. Kati ya walioangaliwa, 6 tu kwa 100. Fikiri maana ya mguu uliovimba kwa mtu anayepanda na kushuka vilima akiwa na kikapu cha chai mgongoni. Hapo kungoja hakukuwa uzembe. Kulikuwa ni busara.

Kwa upande wa dawa, mambo ni tofauti kidogo. Kuna dawa za dripu zinazoamsha kinga ya mwili ili ipigane na saratani. Mojawapo inaitwa pembrolizumab. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,019 ambao saratani yao ilikuwa imefika kwenye tezi na kutolewa kwa upasuaji. Nusu walipewa dawa, nusu walipewa dripu isiyo na dawa. Baada ya miaka 5, waliopewa dawa na kuishi bila saratani kurudi walikuwa 55 kwa 100. Wasiopewa dawa walikuwa 38 kwa 100.

Itazameni hesabu hiyo kwa utulivu. Kati ya watu 100, watu 38 walikaa vizuri bila dawa yoyote. Kama 17 zaidi walisaidiwa na dawa. Na 45 hawakufika huko ingawa walipewa dawa. Hakuna daktari awezaye kukuambia leo wewe u katika kundi lipi. Tena melanoma ya unyayo, ambayo ndiyo yetu, kwa jumla huitikia dawa hizi kwa udhaifu kuliko ile inayoletwa na jua. Hilo nalo mwulizeni daktari.

Dawa ina mzigo wake pia. Katika uchunguzi huo ilitolewa kila baada ya wiki 3, mara 18, yaani karibu mwaka mzima. Watu 15 hivi kwa 100 waliotumia dawa walipata madhara makali kutokana nayo. Kinga ikiamshwa huweza kuugeukia mwili wenyewe, ikashambulia utumbo, ini, mapafu au tezi ya shingo, na madhara mengine hubaki maisha yote.

Mama Kanisa anasemaje?

Wako watakaowaambia kwamba kukataa dawa ni kukosa imani. Wako wengine watakaosema kwamba kutafuta dawa ndiko kukosa imani, muache hospitali mwende kwenye mkutano wa maombi. Wote wawili wamepotoka. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha tumheshimu tabibu kwa sababu Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mkono wa Mungu. Hapohapo anamwambia mgonjwa asali. Sala na tabibu vinakwenda pamoja.

Kanisa linafundisha kwamba uhai ni zawadi, nasi tunapaswa kuutunza kwa njia zinazofaa. Baba Mtakatifu Pius wa 12, akizungumza na madaktari mwezi Novemba 1957, alieleza kwamba wajibu huo kwa kawaida unahusu njia za kawaida, kulingana na mtu, mahali na nyakati, njia zisizomtwika mgonjwa au wengine mzigo usio wa kawaida. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inasema kwamba ni halali kuacha matibabu yenye mzigo mkubwa, yenye hatari, au yasiyolingana na matunda yanayotarajiwa. Hiyo si sawa na kutafuta kifo.

Kwa hiyo, wapendwa, mkichagua dawa baada ya kupima vema, hamjatenda dhambi ya kung'ang'ania dunia. Mkichagua kungoja baada ya kupima vema, hamjamkosea Mungu wala watoto wenu. Dhamiri yenu itulie.

Nani anaamua?

Katekisimu hiyohiyo inajibu: mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili timamu na uwezo. Neno hili ni gumu katika desturi zetu. Mara nyingi mke akiugua, wanaokaa kuamua ni mume, ndugu zake na wazee wa ukoo, na mke huitwa mwishoni ili aambiwe. Mume Mkristo, sikiliza vizuri. Mtakatifu Paulo anakutaka umpende mkeo kama mwili wako mwenyewe. Je, ungependa wengine wakae chini ya mti waamue juu ya mguu wako bila wewe kuwepo?

Lakini nawe mgonjwa, uamuzi kuwa wako hakumaanishi uamue peke yako gizani. Mwenzako ndiye atakayeamka usiku kukuletea maji. Ana haki ya kujua ukweli na kusema yaliyo moyoni mwake.

Tuseme mke ndiye mgonjwa. Mume anamwambia, "Mama watoto, bonasi ya chai ikitoka tuiweke yote kwenye dawa." Mke anajibu, "Baba watoto, mimi sitaki dawa." Mume anasikia kwamba mkewe amekata tamaa, anakasirika, anatoka nje. Kumbe mke alimaanisha, "Sitaki kijana wetu aache shule kwa ajili yangu." Au tugeuze. Mke anataka dawa sana, anataka kujaribu kila kitu. Lakini jana alimsikia mumewe akishusha pumzi alipotaja nauli, naye akaamua kusema kwamba anaona afadhali kungoja. Mume anafurahi kwamba wamekubaliana. Hawakukubaliana hata kidogo. Mmoja amejifuta ili asiwe mzigo, na mwingine hajui.

Ndiyo maana nawashauri hivi. Tafuteni jioni moja, watoto wamelala, redio imezimwa. Mgonjwa aanze. Aseme mambo matatu: ninaogopa nini, ninatumaini nini, na ni jambo gani sitaweza kulivumilia. Mwenzake asijibu mpaka amalize. Kisha naye aseme yake matatu. Msifanye uamuzi usiku huo. Laleni. Kumbukeni rafiki za Ayubu: walikaa naye siku saba chini bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki wa kweli. Walikosea walipoanza kumweleza Ayubu sababu za mateso yake.

Juu ya fedha

Fedha isemwe waziwazi, kwa hesabu ya karatasi. Kuificha nyuma ya maneno ya imani ni kudanganyana. Matibabu ya dripu hutolewa kwenye hospitali zenye wataalamu wa saratani, kama Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Zidisheni nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, kwa mara 18. Ongezeni vipimo vya damu, na siku ambazo chai haitachumwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Msisikilize uvumi. Ulizeni katika ofisi ya hospitali kama dawa mliyoandikiwa inalipiwa, kwa kiasi gani, na kinachobaki ni kiasi gani. Mkitaka kuuza shamba au kukopa kwa kutegemea bonasi za miaka ijayo, saini zenu zote mbili ziwepo, na mjue ni nini hasa mnachonunua: nafasi zaidi, bila ahadi.

Si aibu kuieleza jumuiya ndogo ndogo mahitaji yenu. Lakini harambee ifanywe baada ya uamuzi. Wako waliolazimika kuendelea na matibabu wasiyoyataka kwa sababu tu watu walikwisha kuchanga.

Kwa wenzi ambao bado wanaweza kupata mtoto

Dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mke akiwa ndiye anayetibiwa, haifai ashike mimba wakati wa matibabu na kwa miezi kadhaa baadaye. Mwulizeni daktari muda kamili, na mama anayenyonyesha aseme mapema. Kama mnafuata njia za asili za kupanga uzazi, huu ndio wakati wa kurudi kwa mwalimu wenu, maana homa na dawa huweza kuvuruga alama mlizozizoea. Mume, kujizuia kwako katika miezi hiyo ni tendo la ndoa pia, kwa sababu ni upendo. Tena saratani haiambukizi. Usihame kitanda. Mke mwenye kovu mguuni anahitaji kujua kwamba bado ni mke.

Kungoja ni kazi

Wengine wakisikia "kungoja" hudhani ni kukaa tu na kusahau. Mkulima wa chai anajua zaidi. Ukipogoa chai, unabaki na vijiti vikavu, na miezi inapita bila kuchuma kitu. Lakini hulali. Unapalilia, unatazama machipukizi, unasubiri kwa macho. Bwana wetu naye alisimulia, katika Injili ya Luka sura ya 13, juu ya mtini usiozaa. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, na katika mwaka huo aliahidi kuchimba na kutia mbolea. Aliomba muda, akaomba na jembe.

Kwa hiyo mkichagua kungoja, fanyeni haya:

1. Andikeni tarehe zote za kliniki kwenye kalenda ya ukutani. Wale wa uchunguzi wa tezi walipimwa kwa ultrasaundi kila miezi 4 kwa miaka 2 ya kwanza, kisha kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5. Daktari atawapa ratiba yenu. Wekeni nauli yake kando kabla ya matumizi mengine.

2. Mara moja kwa mwezi, mchana penye mwanga, mwenzi aangalie kovu, mguu mzima, nyayo zote mbili, katikati ya vidole na kucha. Apapase kinena taratibu. Yesu aliinama akaosha miguu ya mitume wake. Beseni la maji ya vuguvugu na macho ya mwenzi wako ni huduma ya namna hiyohiyo.

3. Msisubiri tarehe ya kliniki mkiona alama mpya nyeusi, kivimbe kando ya kovu, mtoki usioisha, kidonda kisichopona, au kikohozi, kukonda na kuumwa kichwa kusikoeleweka. Nendeni wiki hiyohiyo.

4. Kama hamwezi kufanya haya matatu, basi mwambieni daktari ukweli huo kabla ya kuamua. Kungoja bila kuangalia ni njia ya tatu, na hiyo daktari hakuwapa.

Na mkichagua dawa, jueni kwamba kuharisha, manjano ya macho, kukosa pumzi au uchovu uliopita kiasi ni habari za kumpelekea daktari siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili. Mnaweza pia kusimamisha matibabu mzigo ukizidi. Uamuzi wa leo si kiapo cha ndoa. Kiapo mlikwisha kukiweka, cha kuwa pamoja katika uzima na ugonjwa. Dawa inaweza kubadilika. Ahadi hiyo inabaki.

Mwiteni pia padre. Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho peke yao. Mtakatifu Yakobo, sura ya 5, anawaelekeza wagonjwa wawaite wazee wa Kanisa. Sakramenti hii hutolewa kwa anayeugua ugonjwa mzito, na inaweza kurudiwa hali ikizidi. Mwenzi awepo, akishika mkono.

Ikiwa saratani itarudi, itarudi ama mlitumia dawa ama mlingoja, na hapo sauti itakuja usiku ikisema, "Laiti tungechagua ile nyingine." Mtaweza kuijibu sauti hiyo ikiwa leo mmeambiana ukweli wote. Mtasema, "Tuliamua pamoja, kwa yale tuliyoyajua, tukiwa tumeshikana mikono." Maneno hayo hayaponyi saratani, lakini yanaiokoa nyumba.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Je, nimewahi kusema "ndiyo" ili tu nisiwe mzigo kwa mwenzangu? Ilikuwa juu ya nini?

2. Kama ningeugua mimi leo, ningependa nani awepo tunapozungumza na daktari, na nani asiwepo?

3. Ni lini mara ya mwisho tulipoangaliana nyayo?

Tusali: Ee Mungu Baba yetu, uliyetuunganisha wawili kuwa mmoja, utupe ujasiri wa kuambiana yaliyo kweli, hekima ya kuwasikiliza waganga uliowaweka, na moyo wa kutoachana, dawa ikifaa au isipofaa. Utufundishe kungoja tukiwa macho. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.